Wasifu wa MaDlomo, Aliyeimba Sauti Mbili kwa Koo Moja

Ndugu, wakwe, majirani na waumini, nawasalimu. Maneno haya ni yangu mimi, Falteni Mehlomakhulu, mume wa marehemu. Sikusoma. Binti yetu Nomonde ameyaandika kama nilivyoyasema, naye ndiye anayewasomea.

Jumatano, pale zizini, shemeji yangu Mbuyiselo aliniuliza mbele ya wanaume kwa nini sikumlazimisha dada yake akubali kupasuliwa ili aishi. Sikumjibu. Leo nitamjibu, lakini kwanza tumtaje mwenyewe kama inavyopasa.

Marehemu Lungelwa, wa ukoo wa Dlomo, alizaliwa tarehe 9 Mei 1948 kijijini Mhlwazini, Cacadu, kwa Wathembu waliokuwa bado wanajipaka udongo mwekundu, watu wa mila. Kaka zake walikuwa wakikamata yule dudu mkubwa avumaye, wanamchoma kwa mwiba na kumshika mdomoni, wanaucheza mvumo wake kwa midomo. Yeye alikatazwa kwa kuwa msichana. Basi akavuma mwenyewe. Akiwa na miaka kumi na miwili bibi yake alimkuta mtoni akitoa sauti mbili kwa mara moja, nene chini na nyembamba juu yake kama mluzi. Huo ndio umngqokolo. Kwao wanaouweza ni wanawake wachache.

Shule alikwenda hadi darasa la pili. Baba yake alisema inatosha, mahindi hayajipalilii.

Tulioana tarehe 16 Desemba 1967 hapa Ngxingweni, Sterkspruit. Sisi ni Wahlubi, watu wa kanisa na nyimbo za kitabuni. Mama yangu alimpa jina la ndoa, Nokhwezi, lakini wote tulimwita MaDlomo. Kwetu bi harusi hapazi sauti mbele ya baba mkwe. Februari nilikuwa nimesharudi mgodini Welkom, naye alikuwa akisaga mahindi peke yake, akajisahau, akaanza kuvuma. Baba alitoka zizini mbio na fimbo.

"Nani kamwacha fahali aingie jikoni?"

Alipofungua mlango akamkuta mkwewe kajifunika shali hadi puani. Mama ndiye aliyesema, "Baba Falteni, fahali wako huyo hapo, anasaga."

Baba alicheka hadi akakaa chini. Kisha akasema, "Mwambie aendelee." Alikuwa mzee wa kanisa, na wenzake walimsema kwa hilo.

Marehemu alilima, alisuka mikeka, alilea watoto wanne huku mimi niko chini ya ardhi. Mwaka 1984 alianzisha kundi la wanawake, Wahlubi, Wathembu na Wasotho. Waliimba wasichana walipowekwa ndani na kutolewa wakiwa wanawake, na mara mbili walialikwa kwenye tamasha la Makhanda. Alifundisha kwa mkono. Alichukua kiganja cha mwanafunzi akakibandika kooni mwake mwenyewe. "Masikio yatakudanganya," alisema. "Shika." Wengi walipata sauti ya chini. Ya juu haikuja. Jirani yetu Palesa, Msotho, alitaniwa kila Jumapili.

"Mama Palesa, ng'ombe unaye. Ndege yuko wapi?"

"Ameuona uso wangu, MaDlomo, akaruka."

Januari 2018 sauti yake ilianza kukwaruza. Aprili daktari alisema ni saratani ya koo. Wakikata sehemu inayotoa sauti anaweza kuishi miaka mingi, ila hatasema wala kuimba tena. MaDlomo aliomba apewe siku saba za kufikiri.

Shemeji, sikukaa kimya zile siku. Nilimsihi. Nilimwambia, "Kubali. Mimi nitasema kwa ajili yako."

Alicheka mpaka akakohoa, akaniita kwa jina la ukoo wangu. "Wewe, Radebe? Miaka hamsini hujasema maneno ya kujaza kikombe. Leo utasema ya watu wawili?"

Nikamwambia mimi sitaki nyimbo, nataka yeye. Akasema, "Wanafunzi wangu hawajaiva. Nikikatwa sasa, watashika nini?"

Siku ya saba nilifunga mizigo yetu ya kwenda hospitali. Yeye aliifungua akatoa nguo zake. Hapo ningeweza kuwaita wazee, wamlazimishe. Nilifika hadi langoni. Nikarudi.

Alifundisha mwaka mzima na miezi. Juni mwaka huu alibaki na mnong'ono tu. Jumapili tarehe 28 Julai, baada ya ibada, Palesa na mkwe wetu Phumeza walikuja wakaimba kando ya kitanda. Alinong'ona, "Rudieni." Wakarudia. "Rudieni." Mara ya tatu Phumeza aliitoa ya juu, ikakaa, haikukatika. Palesa aliacha kuimba, akabaki anamtazama. MaDlomo akasema anataka maziwa ya mgando. Alikuwa hajaomba chakula siku nne.

Alifariki nyumbani Jumatatu tarehe 5 Agosti 2019, saa tatu asubuhi, akiwa na miaka sabini na mmoja. Nilikuwepo.

Ameacha mume, watoto Nomonde, Vuyisile, Thandiswa na Mzoxolo, wakwe watatu, wajukuu kumi na mmoja, kaka yake Mbuyiselo, na wanawake sita wa kundi lake, ambao alisema wahesabiwe pamoja na watoto.

Basi, Mbuyiselo, jibu ni hili. Mimi nilitaka yeye abaki. Yeye alitaka sauti ibaki. Hatukuweza kupata vyote viwili, na koo lilikuwa lake. Ukinikasirikia, sitakulaumu. Mimi mwenyewe kuna siku namkasirikia. Lakini ukae leo ule na sisi.

Lala, MaDlomo. Pumzika kwa amani, umefanya kazi.