Kamera Haiingii Moyoni

LIDWINA: Haloo? Nani mwenzangu?

NASMA: Nasma, mwalimu. Shikamoo.

LIDWINA: Marahaba. Nasma yupi? Nimefundisha wengi—

NASMA: Nasma wa hapo Bombambili, wa darasa lako la saba. Niko Dar sasa, kwenye kampuni ya filamu. Ulinitumia skripti yako.

LIDWINA: Ee, mwanangu! Samahani, mtandao wa huku unakoroma tu. Hamjambo?

NASMA: Hatujambo, alhamdulillahi. Mwalimu, nimeisoma. Ni nzuri. Ila...

LIDWINA: Sema tu. Hiyo "ila" mimi niliwaandikia nyie kwa wino mwekundu.

NASMA: (anacheka) Umeanza hivi: "Suzana anamkumbuka mumewe aliyekwenda kuchimba madini Tunduru asirudi. Moyo unamuuma." Sasa mwigizaji afanye nini?

LIDWINA: Akumbuke.

NASMA: Kamera haiingii moyoni, mwalimu. Inaona uso, inaona mikono, inasikia sauti. Basi. Kila onyesho unataja ni ndani au nje, ni wapi, mchana au usiku. Halafu mtu anafanya nini.

LIDWINA: Na maelezo yangu yote yale?

NASMA: Yanakatwa. Ukurasa mmoja ni kama dakika moja kwenye filamu, na Suzana wako anawaza kurasa na kurasa—

LIDWINA: Ungejua amewaza miaka mingapi, usingelalamika.

(Fss. Fss. Fss.)

NASMA: Haloo? Kuna kitu kinapumua. Ni mtandao?

LIDWINA: Ni huku uani. Endelea.

NASMA: Kingine ni mwisho. Huyo mume hajarudi, hajafa, umekata tu. Bosi anasema watazamaji watatuzomea. Anataka mazishi.

LIDWINA: Maiti iko wapi?

NASMA: Si filamu, mwalimu? Tunaweka jeneza tupu—

LIDWINA: Jeneza tupu. Hata wewe, Nasma.

NASMA: Mwalimu? Kwani mumeo, Baba Kajetani, hajarudi mpaka leo?

LIDWINA: Jana wamemsomea misa ya marehemu. Ndugu zake. Wanasema wamechoka kungoja. Mimi nimechoka kuliko wao wote, lakini kuchoka si kuzika.

NASMA: Jamani. Mimi nilidhani umetunga.

LIDWINA: Nimebadilisha majina tu.

NASMA: Pole, mwalimu. Pole sana.

LIDWINA: Asante. Ila pole zenyewe sina tena pa kuziweka.

(Fss. Fss.)

NASMA: Unafanya nini lakini hapo?

LIDWINA: Najaza upepo baiskeli yake. Kila Jumapili najaza. Akirudi akakuta imekaa chini, atasema nilimsahau.

NASMA: Hiyo! Hiyo ndiyo kamera inaiona! Nje, uani, asubuhi. Mwanamke anajaza upepo baiskeli isiyo na wa kuipanda. Usiandike "anakumbuka" hata mara moja.

LIDWINA: Na watu wataelewa?

NASMA: Watalia, mwalimu. Ila mwisho bado. Bosi anataka jibu leo hii, la sivyo anachukua skripti ya mtu mwingine.

LIDWINA: Basi na mimi leo ndio mwisho wa kujaza. Shemeji Saimon anakuja kuichukua. Misa ikishasomwa, vitu vya marehemu vinagawanywa. Ndivyo walivyokaa wakaamua.

NASMA: Nawe umekubali?

LIDWINA: Nibishane na ukoo mzima? Nguvu hizo nizitoe— Subiri kidogo. (kwa mbali) Karibu, shemeji. Pita. Ee, ndiyo hiyo hapo ukutani.

NASMA: Mwalimu, salio langu linaisha! Niambie tu, mume kafa au karudi? Bosi nimwambie nini?

(Fssssssssss.)

NASMA: Haloo? Hiyo siyo pampu. Mwalimu, nini hicho?

LIDWINA: Andika. Nje, uani, asubuhi. Shemeji amesimama mlangoni, anangoja kuondoka na baiskeli. Mwanamke, pampu kwapani, anatoa upepo tairi la mbele.

NASMA: Anautoa? Halafu?

LIDWINA: Halafu anahamia la nyu—