Kazungu wa Chumba cha Pili

Tarehe 30 Juni 2025, Bwana Kazungu Kiti anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja jikoni mwa hoteli yetu hapa Kizingo. Aliajiriwa mwaka 1994 kuosha sufuria. Mwaka uliofuata akapewa kisu, na hakuna aliyethubutu kumnyang'anya tena.

Wafanyakazi wapya huuliza chumba cha pili ni kipi. Ni kile kilicho nyuma ya friji kubwa, chenye visu vyake na sinki lake. Humo hukatwa nguruwe. Sisi Waislamu wa jikoni, ambao ndio wengi, tulikuwa hatuvuki kizingiti chake, na hata jina la nyama hiyo hatukulitaja. Tulisema "ya kule", na kila mtu alielewa. Mpishi wetu mkuu, Athmani, mzaliwa wa Mji wa Kale, alipita mlangoni pale akiangalia ukuta. Haikuwa chuki, ilikuwa adabu tu, na Kazungu aliipokea hivyo, huku akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya kutosha kwaya nzima.

Ndiyo maana hakuna aliyeona siku mfupa ulipomchoma kidole gumba, mwaka 2018. Alikifunga kitambaa akaendelea na kazi.

Siku chache baadaye alikuja anatetemeka. Tukasema ni malaria, maana kila homa kwetu ni malaria. Kufika mchana shingo ilikuwa imekakamaa, mwanga unamuumiza macho, na anamwita Athmani kwa jina la marehemu babake mwenyewe. Athmani akampakia kwenye gari la hoteli wakaenda hospitali. Mimi nilitumwa Feri kumpokea mkewe, Mbodze, na njia nzima sikujua nimwambie nini. Asubuhi ile ile mumewe alikuwa amenigombeza kwa sababu ya chumvi.

Madaktari walisema ni homa ya uti wa mgongo, wakaanza dawa papo hapo. Lakini imeletwa na nini? Daktari akauliza mgonjwa hufanya kazi gani. Athmani akajibu kuwa hukata nyama. Nyama gani? Ng'ombe, mbuzi, kuku, akasema, akaishia hapo. Hakukusudia kuficha. Neno lile halikuwa limetoka mdomoni mwake tangu aanze kazi.

Kesho yake Kazungu alikuwa bado hajitambui, na Mbodze ameacha kulia, jambo lililonitisha zaidi. Daktari akarudi. Watu wa maabara walikuwa wameona bakteria wasiowazoea, wakakaribia kuamua kwamba sampuli imechafuka tu. Akauliza upya, polepole, mgonjwa huyu hushika nini. Athmani akatazama sakafu.

"Nguruwe, daktari. Huyu yuwakata nguruwe. Niwia radhi, kinwa changu hakijazowea neno hilo."

Daktari akaufungua mkono wa Kazungu, akakuta kidonda. Akatueleza kuwa wako bakteria wanaoishi ndani ya nguruwe, nao wakipata mchubuko mdogo tu kwa mtu huingia damuni wakafika hadi kwenye utando wa ubongo. Maabara ikarudia kazi, safari hii ikijua inatafuta nini. Dawa ikawekwa sawa na muda wake ukaongezwa. Sisi tukangoja, Waislamu na Wakristo kwenye benchi moja, kila mtu na dua yake.

Akazinduka. Tukapiga kelele za furaha, naye akatutazama mmoja mmoja, akakasirika.

"Mbona mwafungua midomo tu? Semeni!"

Alidhani tunamtania. Mbodze akamwita kwa nguvu hata wodi nzima ikageuka. Masikio yote mawili yalikuwa yamekwenda, na hayakurudi. Daktari alimwambia Athmani kwamba maradhi haya mara nyingi huanza na masikio, na huenda siku ile moja ya kuchelewa haikubadilisha kitu. Athmani aliitikia kwa kichwa. Sidhani kama aliamini.

Wakubwa walitaka kumhamishia bustanini. Kazungu akawajibu kwamba kisu hakisikilizwi, kinaangaliwa, akarudi chumba cha pili. Shida ikawa kumwita. Tulisimama kizingitini tukimrushia ndimu mgongoni, naye alizirudisha kwa shabaha mbaya sana. Aliendelea kuimba pia. Sauti ilikuwa imepotea njia kabisa, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia.

Kisha mwaka 2021 bomba la gesi likapasuka. Sote tukakimbilia uani, tukahesabiana, Kazungu hayupo. Kutoka ndani tukasikia wimbo. Athmani akageuka akaingia, na sisi tukabaki tukiukodolea macho mlango usiotoa mtu. Walipotoka walikuwa wameshikana, na aproni ya Kazungu imemlowesha Athmani damu ya nguruwe kifua kizima. Athmani akaenda kwenye bomba la maji, akajiosha mara saba, moja kwa udongo, kama dini inavyotaka. Tangu siku hiyo akimhitaji Kazungu huingia mwenyewe, akamgusa bega, akatoka kuosha mkono.

Kwa sababu ya Kazungu, kila asubuhi jikoni tunaonyeshana mikono. Mwenye mchubuko hagusi nyama mbichi ya aina yoyote, na nguruwe tunamtaja kwa jina lake. Hajaugua mwingine.

Bwana Kazungu, hotuba tumezifuta. Ya meneja ilikuwa ndefu, kwa hiyo umenusurika. Tumechapa maneno haya ili leo uwe wa kwanza kuyapata. Asante kwa kazi, kwa nyimbo, hata kwa ugomvi wa chumvi. Nenda kapumzike Kaloleni na Mbodze, na Mungu awape afya na miaka ya raha.

Limebaki moja. Athmani anauliza kama umemsamehe. Miaka yote hii ameshindwa kukuuliza, ndipo akaniomba niandike mimi. Ukimaliza kusoma, inua macho. Amesimama mbele yako, anangoja.

Khairiya, wa stoo