Mwalimu Mkaa na Mdomo wa Mama

Marehemu alizaliwa Ijumaa, tarehe 9 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya mbao. Alikuwa wa pili kati ya watoto wanne wa baba seremala na mama fundi cherehani. Wiki chache kabla ya kufariki alimwagiza mkewe kwamba wasifu wake usimrembe. "Nimerekebisha sura za watu maisha yangu yote," alisema. "Yangu iacheni ilivyo." Familia imeheshimu agizo hilo.

Alianza kuchora kwa chaki ya mama yake ya kukatia nguo. Akiwa na miaka sita alichora kuku katikati ya kitambaa cha suti kilicholetwa asubuhi hiyo na karani wa posta. Karani aliporudi kupimwa, akamkuta kuku ametulia mahali pa mgongo wake.

"Mama, huyu kuku ni wa nani?"

Mama hakuinua macho kwenye cherehani. "Ni wako. Ukimfua ataruka."

Marehemu aliipenda sana hadithi hiyo. Miaka ya mwisho alianza kuisimulia pamoja na kipande alichokuwa akikiacha: kwamba karani alipoondoka, mama hakumfuta yule kuku. Alimpa mtoto kitambaa chenye maji, akamwambia amfute mwenyewe.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1958 hadi 1964, akaendelea na sekondari hadi 1968. Mwaka 1970 alijiunga na chuo cha ualimu, akachukua sanaa na ufundi. Mkufunzi wa kuchora alikuwa na desturi ya kumwinua mwanafunzi kitini, kukaa yeye, na kuimaliza picha kwa mkono wake. Marehemu alihitimu mwaka 1972 akiwa wa kwanza darasani kwa picha ambayo, kwa kukiri kwake, nusu ilikuwa ya mkufunzi. Alitoka chuoni akiamini kwamba huko ndiko kufundisha.

Alifundisha sekondari kwa miaka kumi na saba. Mwaka 1990 aliacha ajira na kuanzisha warsha za kila Jumamosi katika ukumbi ulio nyuma ya maktaba, na kuanzia 1992 akaongeza kambi ya wachoraji ya siku saba, kila Agosti, katika shule ya bweni iliyokuwa imefunga. Washiriki walilala mabwenini na kuchora katika bwalo la chakula, kwenye meza ndefu zilizotandikwa magazeti. Walikuja wauguzi, madereva, makarani, wastaafu, watu ambao mara ya mwisho kushika penseli ya kuchora ilikuwa darasa la nne. Yeye ndiye aliyefika wa kwanza na kufagia. Alichonga penseli zote kwa kisu. Hakumcheka mtu, hata yule dereva wa lori aliyechora mbuzi wakamdhania kiti.

Ilipofika saa kumi jioni alipita meza kwa meza. "Nipishe kidogo," alisema. Mwenye picha alisimama, marehemu akakaa, akachukua kipande cha mkaa wa kuchorea, akatia kivuli chini ya kidevu, akanyoosha jicho, akalainisha kwa kidole gumba. "Haya. Sasa imesimama." Watu walifurahi. Walipeleka picha nyumbani zikasifiwa. Kidole hicho hakikuwahi kutakata, na ndipo lilipotoka jina la Mwalimu Mkaa ambalo wengi wenu mmelijua kuliko jina lake.

Tarehe 15 Desemba 1979 alifunga ndoa na muuguzi aliyemfunga jeraha alipojikata kwa kisu cha penseli. "Mkono wenyewe ndio huu unaoutegemea?" alimuuliza siku hiyo, na kwa miaka arobaini hakuacha kuuliza. Walijaliwa mtoto wa kiume, sasa mpima ardhi, na wa kike, sasa mfamasia. Hakuna anayechora. Mama yao anasema ng'ombe wa kazi ya nyumbani ya darasa la pili alikuwa akilala na pembe zake na kuamka na za baba yao.

Mwezi Mei 1998 mama yake marehemu alipatwa na kiharusi, na mdomo wake ukaenda upande wa kushoto. Kitindamimba wa familia, mwalimu wa chekechea, alihamia kwa mama akamlisha kwa kijiko kwa karibu miaka mitatu. Marehemu alikuwa na warsha. Alituma dawa, salamu na udhuru. Mama alifariki tarehe 20 Februari 2001. Kwa hesabu ya marehemu mwenyewe, katika miaka hiyo alimtembelea mara nne, na mara mbili kati ya hizo mama alikuwa amelala.

Agosti ya mwaka huo mdogo wake huyo, kitindamimba, alikuja kambini kwa mara ya kwanza. Alikuwa na mkono mzuri tangu utotoni, na ndugu wote walilijua hilo. Kwa siku nne alichora picha moja: mama yao kwenye kiti cha dirishani, kijiko juu ya kisahani, mdomo umelala kushoto, pembe yake moja imeshuka. Siku ya tano, saa kumi, marehemu alifika kwenye meza hiyo.

"Nipishe kidogo."

Mdogo wake alisimama, maana wote walisimama. Marehemu alikaa. Kwa mkaa na kidole aliunyoosha mdomo wa mama ukawa ule wa zamani, wa kwenye picha ya ukutani.

"Mdomo ulikuwa umekupotea, mdogo wangu. Haya, sasa imesimama."

"Haukunipotea, kaka. Ndivyo ulivyokuwa."

"Mtu hachori ugonjwa. Anamchora mtu."

"Kwani wewe ulimwona lini?"

Dereva wa lori, aliyekuwa meza ya pili, anasema alijifanya anatafuta ufutio chini ya meza mpaka magoti yakamuuma. Mdogo wake aliikunja picha, akapanda gari lililoleta maziwa, akaondoka. Baada ya hapo walisalimiana kwenye arusi na misiba, na alimpakulia chakula kama kaka. Ila hakuchora tena. Hata kwa watoto wa chekechea alitumia picha za kununua.

Jumamosi, tarehe 6 Oktoba 2012, yalifanyika maonyesho ya miaka ishirini ya kambi, kazi arobaini na mbili za watu arobaini na wawili. Marehemu alifika mapema. Mama mfagizi wa ukumbi alikuwa ameegemea ufagio akizitazama.

"Huyu mchoraji ana bidii, baba," alimwambia. "Amejaza ukuta mzima peke yake."

Marehemu alizitazama tena zote, moja baada ya nyingine: videvu vile vile, kivuli kile kile, jicho lile lile. Alirudi nyumbani bila kusubiri mgeni rasmi. Alipomweleza mkewe, mkewe alisema, "Mimi nilikuwa nikiona. Nilidhani na wewe unaona, unapenda tu."

Wiki iliyofuata alikwenda kwa mdogo wake kuomba radhi. Alikaribishwa, akapewa chai. "Nimeshakusamehe, kaka, siku nyingi," aliambiwa. "Kuchora ndiko siwezi." Hakuuliza picha iko wapi.

Tangu hapo alifundisha akiwa amevaa aproni yenye mifuko miwili mikubwa, mikono ndani. Wanafunzi wapya walimtania kwamba mwalimu anasikia baridi Januari na Agosti. Haikuwa rahisi. Katika daftari lake la warsha, ambalo familia imelisoma, kila jioni kuna mstari mmoja au miwili. "Leo nimegusa karatasi tatu. Jana saba." "Muuguzi ameuliza kama jicho liko sawa. Nimemuuliza yeye analionaje. Amekasirika. Kesho yake amelichora upya, si zuri, ni lake." "Niliwafundisha wazee kuinuka vitini mwao ili nikae mimi." Mwaka 2016 kuna jioni moja ameandika tu: "Sikugusa." Katika kambi yake ya mwisho, Agosti 2018, aliwaambia washiriki kwamba mwalimu mzuri ni yule ambaye ukitazama ukuta humwoni. Wakapiga makofi. Akawaambia wasipige, yeye alilijua hilo akiwa na miaka sitini na moja.

Mwezi Oktoba 2018 aligundulika kuwa na maradhi ya figo. Alisafishwa damu mara mbili, kisha mara tatu kwa wiki. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia. Mwezi Mei mwaka huu, alipoona hali haimpi matumaini, alimpelekea mdogo wake ujumbe mmoja: kama ile picha bado ipo, ailete.

Ilikuwapo, nyuma ya kabati. Aliileta hospitalini Jumapili, tarehe 2 Juni, pamoja na mkaa na ufutio.

"Futa mkono wangu," marehemu alimwomba. "Uurudishe mdomo wako."

"Nikianza utanielekeza. Nakujua."

"Nitaweka mikono chini ya shuka."

Akaiweka. Mkewe, aliyekuwa ameketi upande wa miguu, anasema mdogo wake alifuta polepole, kwa robo saa, mpaka karatasi ikabaki nyeupe pale mahali. Kisha akachukua mkaa. Akauinua, akaushusha, akauinua tena. Akauweka chini.

"Nimeusahau, kaka," alisema. "Nikifumba macho naona huu uliouchora wewe."

Marehemu hakuwa na la kumsaidia. Miaka mitatu ile alikuwa kwenye warsha zake. Hakutoa mikono chini ya shuka mpaka wageni walipoambiwa waondoke. Alifariki Jumatano, tarehe 12 Juni 2019, saa tatu asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na minane.

Ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watatu, dada yake mkubwa, mdogo wake wa kiume na kitindamimba wao, pamoja na wanafunzi ambao hakuwahi kuwahesabu.

Picha iliyo kwenye jalada la nyuma la ratiba hii ya mazishi ndiyo hiyo. Pale palipoachwa wazi si kosa la mpiga chapa. Kitindamimba yupo hapa, mstari wa mbele. Kama wewe ulikuwa jirani wa mama, ulimletea maji, ulimsuka, au ulikaa naye dirishani katika miaka ile mitatu, usiondoke baada ya mazishi. Kaa naye, umweleze ule mdomo ulikuwaje. Mweleze kwa maneno tu. Mkaa mwachie yeye.

Mwalimu Mkaa apumzike kwa amani, na mikono yake ipumzike pamoja naye.