Kadi ya Mjane wa Mfumaji

Sogeeni, wanangu, na wewe Malati mama, binti yangu, acha kunipepea, weka hicho kipepeo chini uje ukae mbele yangu nikuone, maana pumzi niliyobaki nayo ni ya kukopa na mwenyewe amekwisha kubisha hodi. Nisikilizeni nikiwa bado najua ninachosema. Duka hili, na ghala la mchele na mafuta ya haradali lililo nyuma yake, ni lenu watatu. Nimesema watatu, Tapas, usimtazame dada yako hivyo. Kuolewa si kufa. Kabla hamjagawana hata punje, mlipeni Mofazzal Mia, yule muuzaji wa jumla, fedha zake, taka elfu themanini, zilizo kwenye mfuko wa kitambaa chini ya godoro hili. Hizo hazijawa zetu hata siku moja. Fedha ya mwenyewe ikilala dukani kwako muda mrefu huanza kufanana na faida, na wengi wamefilisika hivyo huku wakitabasamu.

Kukopesha ni kumjua mtu, nanyi siku hizi mnajua namba ya simu yake tu. Mkulima mumdai akishauza juti yake ya kufumia magunia, si wakati shamba lake liko chini ya maji. Mwenye deni la zamani apunguze kwanza, hata kidogo, ndipo achukue la leo. Na mwandikie mbele ya macho yake, umsomee ulichoandika. Wala usimdai mtu mbele ya mkwewe. Babu yenu alimdai kinyozi mmoja siku ya harusi ya bintiye, akalipwa palepale, na tangu hapo nyumba yetu nzima ikawa inakwenda kunyolewa mji wa pili. Waliosema kukopa harusi, kulipa matanga hawakukosea, ila sisi watu wa maduka tuliona bora kulipa nako kuwe harusi kidogo, ndiyo maana kila Mwaka Mpya tunafungua daftari jekundu jipya, tunawapelekea wateja kadi isiyotaja deni, wanakuja wamevaa vizuri, wanaweka walichojaliwa, wanakula vitamu.

Pranab baba, mwanangu mkubwa, ule mwaka wa mafuriko ulikuwa unanyonya. Mto uliingia dukani ukatoka na kila kitu. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari langu nililikuta limekuwa uji mwekundu. Mwaka Mpya ukafika, marehemu mama yenu akasema, "Nitapika vitamu kama kawaida." Nikamwuliza, "Kwa sukari ya nani?" Akasema, "Ya mkopo. Kwani wewe peke yako ndiye unayejua kukopesha?" Nikakaa mlangoni bila daftari wala kadi, nikiona aibu. Wakaja. Walikuja, wanangu, mmoja mmoja, kila mtu na deni lake kinywani. Kasem Ali mfumaji akaniambia, "Kaka Jogesh, mimi ni mia nne na kumi." Nikamwambia, "Mimi nakumbuka mia tatu." Akasema, "Hiyo nyingine ni chumvi na mafuta aliyochukua mke wangu ulipokuwa msibani. Utalisahau wewe, tumbo langu halikusahau." Fedha hakuwa nayo. Alitua bega zima la taulo zake za pamba, nikazitundika mlangoni, zikauzwa, zikanunua gunia la kwanza la mchele. Hilo ndilo gunia lililowasomesha.

Sasa ukuta huu ni wa mabati, Pranab, na mgonjwa hana kazi ila kusikiliza. Asubuhi nimekusikia ukiwaambia wapagazi kesho waende kwa Rabeya, mjane wa Kasem, wakabebe kitanda chake cha kufumia, kwa sababu ya taka elfu kumi na nne. Baba, mwenye kitanda chake atalipa polepole. Aliyenyang'anywa atalipa na nini? Nikifa, wewe mwana mkubwa ndiwe wa kuniwashia moto wa kunichoma pale kando ya mto, mila inataka hivyo nami nataka hivyo. Lakini mkono utakaogusa kitanda kile usiniwashie. Mwachie Tapas. Nimesema.

Nipeni maji. Kidogo tu... basi.

Chini ya mto huu ninaolalia kichwa kuna kadi. Nimeiandika mwenyewe, ndiyo maana herufi zimelala. Ni ya Mwaka Mpya, ya kumwalika Rabeya. Ichukue, Pranab, umpelekee kwa mkono wako, umwite shangazi. Usiseme neno la deni... Umeichukua? Nimesikia karatasi. Ahsante, baba yangu. Sasa nitalala.

Daftari jipya... nikiondoka kabla, matanga yaishe ndipo mlifungue. Malati, chora wewe ile alama nyekundu ya heri kwenye ukurasa wa kwanza, mkono wako ni kama wa mama yako. Chini yake, kabla ya jina la mteja yeyote, andika... Jogesh Saha, anadaiwa na soko zima. Pale pa kiasi, paache wazi. Mwaka kwa mwaka mlipe, hamtamaliza, wala msitake kumaliza.

Mungu awape wateja... wenye kumbukumbu nzuri kuliko yenu. Mlale mkiwa hamjamliza mtu. Nimewaridhia wote watatu.

Pranab... nenda sasa hivi. Asije Rabeya akalala kabla hujafika.