Wodi Iliyoniogopa

Nawasalimu nyote, wauguzi wenzangu na nyinyi mliokuja kutusikiliza. Walioandaa mkutano huu waliniambia, "Mama, utueleze ulivyopanda cheo." Nikawajibu sawa. Lakini nikiwaeleza kupanda peke yake nitakuwa nimewadanganya. Kwa hivyo nivumilieni. Nitawaambia pia nilivyoanguka, na habari za mtoto aliyefariki nikiwa hatua chache tu kutoka kitandani kwake.

Mimi ni mtu wa Ruiru. Mwishoni mwa miaka ya arobaini niliajiriwa kupiga deki katika hospitali moja ya Thika. Nilikuwa nimesoma kidogo, na kila nilipopanguza chini ya vitanda nilisoma kadi za wagonjwa. Daktari mmoja alinikuta nikisoma. Nilidhani nimefukuzwa, kumbe aliniandikisha kwa mafunzo ya uuguzi. Niliyamaliza, nikavaa yunifomu nyeupe, na mama yangu akalia siku aliyoniona nayo.

Halafu Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali ya wakoloni ikatufikia. Mume wangu alichukuliwa akapelekwa kizuizini, na watu wetu wa Ruiru wakahamishiwa kwenye vijiji vilivyozungushiwa waya. Kutoka kwa mama hadi kazini nilihitaji pasi, na kila askari aliyeitazama alinipigia kelele. Hospitalini nako wakubwa walitupigia kelele. Nilijiambia, siku moja na mimi nitakuwa mkubwa, na hakuna atakayenifokea tena.

Siku hiyo ilifika. Walinipa wodi ya watoto niisimamie. Wakati ule si wengi wetu Waafrika waliopewa nafasi kama hiyo, na niliogopa mno kukosea. Ndugu zangu, nawaambia, mtu mwenye hofu akipewa madaraka anaweza kuwa mkali kuliko mtu mbaya. Nilitaka shuka zinyooke, sakafu ing'ae, wauguzi wasimame nikipita. Aliyekosea nilimsema mbele ya wagonjwa. Metroni, mkubwa wetu sote, alipokuja kukagua, alisema wodi yangu ndiyo safi kuliko zote. Nilijivunia hilo.

Kulikuwa na nesi mmoja, msichana mpole, ndio kwanza amemaliza mafunzo. Wiki moja aliniita mara mbili kumtazama mtoto, na mara zote mbili nikakuta mtoto analia tu. Mara ya pili nilimwambia, na wodi nzima ikasikia, "Usiniite tena kwa upuuzi. Kama huwezi kazi, sema."

Siku mbili baadaye alilazwa mtoto wa kike wa miaka miwili. Alikuwa ametoka kuugua surua, na sasa nimonia ilikuwa imemshika. Mama yake alikuwa mchumaji kahawa, mtu wa upande wa Mugutha. Mchana huo nilikuwa ofisini mwangu, mlango wazi, nikijiandaa kwa ukaguzi mwingine. Saa kumi daktari alipokuja kupita wodini, mtoto alikuwa amegeuka rangi midomoni. Tulimwekea oksijeni, tukamchoma sindano, tukafanya kila tulichojua. Jua halijatua, alikata roho.

Daktari na metroni walituita. Nesi yule alisema aliona tangu saa nane kwamba pumzi za mtoto zinakwenda mbio na mbavu zinaingia ndani. Wakamuuliza, "Mbona hukumwita msimamizi wako?" Akanitazama tu. Na mimi nikasema, "Sikuambiwa lolote."

Ilikuwa kweli. Lakini nilijua vizuri kwa nini sikuambiwa, na sikusema. Msichana wa watu aliondolewa wodini akapelekwa kwa dobi, kufua shuka. Mimi nikabaki na wodi yangu.

Kila nilipopita kitanda kile, niligeuza uso. Nilijiambia, utazoea.

Baada ya siku kadhaa yule mama alirudi. Alikuwa amekuja kuchukua sweta ya mtoto iliyosahaulika. Nilimpa mwenyewe, nikampa pole. Aliishika kifuani, akaniuliza, "Sista, yule msichana yuko wapi? Nataka kumshukuru. Yeye ndiye alikaa na mtoto wangu."

Nikamwambia amehamishwa.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu hakuniita."

Akasema, bila hasira yoyote, "Alikuja, Sista. Alifika mlangoni kwako akarudi. Nikamuuliza mbona amerudi, akasema atapigiwa kelele. Nilitaka kuja mwenyewe. Lakini na mimi nilikuwa nimekusikia siku ile tuliyoingia, ukimsema mama mmoja aliyekalia kitanda. Nikaona nikikukasirisha, huenda hutamtibu mtoto wangu. Basi na mimi nikakaa."

Afadhali angenitukana. Nikamwambia, "Mama, kosa ni langu." Alinitazama, akaikunja ile sweta, akaenda zake.

Sikungoja kesho. Nilikwenda kwa metroni nikamweleza yote: niliyomwambia yule msichana, na nilivyonyamaza alipolaumiwa. Aliniambia, "Unajua kwamba sitaweza kukuacha hapo." Nikasema najua. Nilirudishwa kuwa nesi wa kawaida, na msichana akarudishwa wodini.

Nilimfuata kwenye kamba za kuanikia nguo, nikamwomba msamaha. Aliendelea kuanika. Mwishowe akasema, "Sista, sijui kama nimekusamehe. Lakini kesho tuna watoto watatu wa surua na watu hatutoshi. Njoo tufanye kazi."

Nikaenda. Kwa miaka miwili nilifanya kazi bega kwa bega naye, nikitumwa na watu niliokuwa nikiwatuma. Mwanzoni wengine walinyamaza nikiingia, na walikuwa na haki. Mume wangu aliporudi kutoka kizuizini alinikuta sina cheo. Nilipomweleza sababu, alisema angalau nimerudi kuwa mtu anayemjua.

Karibu na mwisho wa miaka ya hamsini, walitafuta mtu wa kusimamia kliniki ndogo ya Ruiru. Nilikataa. Ni yule msichana, ambaye sasa alikuwa nesi hodari, aliyeniambia, "Nenda. Wewe unajua kinachotokea watu wakiogopa." Nikaenda, na nikasimamia wauguzi mpaka nilipostaafu. Walioniita bure niliwaambia asante, umefanya vizuri, niite tena. Kuna siku nilichoka na sauti ikapanda. Nilirudi nikaomba radhi palepale waliponisikia.

Namshukuru Mungu. Namshukuru metroni kwa kuniondoa, na kwa kutonifukuza. Nawashukuru wenzangu wa ile wodi. Yule mama wa Mugutha nilimtafuta sana, sikumpata. Kama yuko hai, hajui ni watoto wangapi walipona kwa sababu alisema ukweli.

Na nyinyi mlio na watu chini yenu, nawaomba jambo moja. Kesho ukifika kazini, mwulize yule mdogo kabisa ni kitu gani anaogopa kukuambia. Akianza kusema, usijitetee. Keti, umsikilize mpaka amalize.