Watu wa Juani

Basi la kwenda uwanjani lilikuwa nusu tupu, kama kawaida tangu timu yetu ishuke daraja. Mbele yangu mama mmoja, mshonaji, aliyevaa jezi iliyofifia, alikuwa akibishana na fundi rangi aliyekutana naye humo humo.

“Mama, uongozi umefunga jukwaa la juani, wanalibomoa. Njoo kivulini, viti tele.”

“Kivuli chenu kaeni nacho. Baba zetu, makuli wa reli, waliujenga uwanja ule kwa mikono yao. Siku ya ufunguzi wakubwa wakachukua kivuli, wao wakaambiwa wakae juani. Wakakaa, wakaimba mpaka wakubwa wakaziba masikio. Tangu hapo sisi ni watu wa juani.”

“Hayo ya zamani, mama. Leo geti lina kufuli.”

“Basi tutakaa nje ya geti.”

“Hamtaona mpira!”

“Wachezaji watatusikia. Msimu huu wenye kuona wamefaidi nini?”

Abiria wakaangua kicheko. Mimi niligeukia dirisha. Marehemu kaka yangu alikaa jukwaa hilo maisha yake yote, na angejibu vivyo hivyo, kwa sauti kubwa zaidi.

“Huo ni ukaidi tu,” fundi akasema.

“Ndiyo, mwanangu. Tumezaliwa nao.”

Basi likasimama. Mama alianza kuimba akiwa bado mlangoni, peke yake, kwa kifua chote. Fundi rangi alibaki akikieleza kiti kitupu faida za kivuli. Nikashuka, nikaitikia.