Jiwe la Nahumu Mlowe Chini ya Mlima Lyamluki

Baba Mchungaji, wazee wa usharika, ndugu wa ukoo wa Mlowe, na nyote mliopanda mpaka hapa kwetu na baridi hii, mimi ni Obed, mdogo wake marehemu ninayemfuata kwa kuzaliwa. Familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yangu, wameandika kurasa mbili, ya tatu nimeiandika mwenyewe jana na hakuna aliyeiona, kwa hiyo naomba radhi mapema, hasa kwa shemeji yangu Tabea, na naomba mnivumilie mpaka mwisho.

Marehemu Nahumu Filemoni Mlowe alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 katika kitongoji hiki hiki, upande wa Lupembe, Njombe, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Filemoni na Mama Oliva, ambao wote wametutangulia, na mama alikuwa akisema kwamba mtoto huyu alitembea akiwa na miezi tisa, na tangu siku hiyo hakumwona tena akiwa ametulia.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1976 na kumaliza la saba mwaka 1982, shule ikiwa ng'ambo ya Mlima Lyamluki, sisi wengine tulizunguka kwa barabara ya mashamba ya chai, yeye alikatiza juu, akafika wa kwanza akiwa amelowa mpaka kiunoni, akachapwa kwa uchafu, na kesho yake akapita huko huko. Alipata kipaimara mwaka 1984, siku pekee ya utoto wake ninayoikumbuka akiwa na viatu visivyo na tope.

Mwaka 1986 alikwenda Makambako akafanya kazi ya kupakia mbao mpaka mwaka 1997, kazi aliiweza, mji ndio uliomshinda, alilalamika kwamba pale ni tambarare mno na miguu inamuuma kwa kukosa mlima, sisi tukamcheka, naye akafunga mizigo yake akarudi nyumbani.

Mwaka 1998 alianza kuwaongoza wageni kupanda Lyamluki, na njia tatu mnazozijua leo ni yeye aliyezifyeka kwa panga lake, nazo ni Njia ya Mgongo, inayopita juu ya miamba penye upepo, Njia ya Majini, inayofuata kijito na ambayo hakumruhusu mtu kuipita wakati wa ukungu, na Njia ya Chai, ndefu lakini ya upole, inayotokea mbali kule barabarani linakopita lori la kukusanya majani. Kila mgeni alimsalimu kwa Kamwene, salamu ya kwetu, na mgeni asipoitikia safari haianzi, hata kama ni mkubwa wa wapi.

Alikuwa na kanuni moja ambayo hakuibadilisha kwa miaka ishirini na saba. Pale njia ya mlima inapoanzia kuna mwamba bapa, kila anayepanda anaokota jiwe lake na kuliweka juu ya mwamba ule, akishuka analitoa kwa mkono wake mwenyewe, wala hakuna ruhusa ya kumtolea mwenzako, maana Nahumu alisema ukishaanza kuwatolea watu mawe, ipo siku utamtolea aliyevunjika mguu huko juu. Jioni aliukagua mwamba, akikuta jiwe limebaki anapanda kumtafuta mwenyewe, na kwa miaka yote hiyo hakuna mtu aliyelala mlimani bila yeye kumfuata. Mimi nilikuwa nikimwambia ni ubishi tu, lakini niliifuata kanuni yake, na ndiko ninakoelekea.

Tarehe 21 Oktoba 1995 alifunga ndoa takatifu na Tabea, akiwa bado Makambako, wakajaliwa watoto watatu, Lidia, Yohanes na Jasmine, na wajukuu wawili, ambao kila mmoja ana jiwe lake dogo dirishani pale nyumbani, kwa sababu babu aliwafundisha kanuni kabla hawajajua kuhesabu.

Hapa kurasa za familia zinasema aliugua nimonia baada ya kupata ajali mlimani. Ni kweli, ila si yote, na yaliyobaki ninayajua mimi.

Jumamosi tarehe 14 Juni 2025 kaka alikuwa amekwenda Makambako kununua kamba, nikabaki mimi kuangalia mwamba. Asubuhi alipanda mgeni mmoja, Mwalimu Cresensia, ambaye amekuja mara nyingi na anaujua mlima, akaweka jiwe lake akapita Mgongo peke yake, mchana ukungu ukashuka, naye kwa busara akateremkia Njia ya Chai, akapata lifti ya lori la majani, na saa tisa alasiri akanipigia simu kwamba ameshafika barabarani salama, kesho atakuja kulitoa jiwe lake. Nikamwambia sawa. Jiwe nikaliona pale, sikuligusa, kwa sababu kanuni ni kanuni, nikajisemea kaka akirudi nitamwambia, nikaenda mazoezi ya kwaya.

Kaka naye simu yake alikuwa ameiacha nyumbani ikichaji. Alishuka kwenye basi, hakupita nyumbani, alikwenda mwambani moja kwa moja kama kawaida yake, akakuta jiwe moja na ukungu, wala hapakuwa na mtu wa kumwambia.

Nilipotoka kwaya nikapita pale, nikakuta mawe mawili.

Ndugu zangu, sijui niwaelezeje. Lile la pili nililijua, ni la kwake, jeupe lenye mstari mweusi, na nikaelewa kwamba kaka yangu yuko juu, anamtafuta mtu ambaye wakati huo anakunywa chai Makambako. Tulimkuta Jumapili asubuhi kwenye Njia ya Majini, ile aliyotukataza sisi wote, amevunjika mguu, amelowa, amepoteza fahamu, maana alishamaliza njia nyingine akaona imebaki hiyo. Tukambeba kwa machela kupitia Njia ya Chai.

Alilazwa hospitali ya Ikonda siku kumi na moja, mapafu yakamzidi, na Alhamisi tarehe 26 Juni 2025 alfajiri akafariki dunia, akiwa na umri wa miaka hamsini na saba. Alipopata fahamu neno lake la kwanza lilikuwa kuniuliza kama mgeni ameshuka, nikamjibu ameshuka, akamshukuru Mungu, akafumba macho. Hakuniuliza saa ngapi, nami sikumwambia. Nilikuwa na siku kumi na moja za kumwambia, Tabea shemeji yangu, na kila siku nilimpelekea uji nikanyamaza.

Mwalimu Cresensia yupo hapa, amekaa na akina mama, naomba asilaumiwe na mtu yeyote, alifanya yote aliyotakiwa kufanya, na Jumapili ile alirudi akalitoa jiwe lake akilia. Aliyekosa ni mimi.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa Ikonda waliompigania mpaka mwisho, vijana wa usharika waliobeba machela bila kupokezana mpaka barabarani, dereva wa lori aliyemwaga majani ya chai ili apate nafasi ya kumlaza, majirani waliotupikia tangu msiba ulipotangazwa, na waongozaji wenzake ambao jana wamefyeka njia zote tatu bila kuombwa. Hatuwezi kumtaja kila mmoja, Mungu awarudishie.

Kaka, ulibebwa kwa Njia ya Chai, hukupita mwambani, jiwe lako limekaa pale siku zote hizi na wapandaji wanalizunguka, hakuna anayethubutu. Leo asubuhi, kabla ya ibada, nimekwenda nikalitoa. Nimeivunja kanuni yako, ambayo ningeivunja siku ile saa tisa ungekuwa umekaa hapa unanibishia. Jiwe ninalo mkononi, nitaliweka pamoja nawe.

Aliyekuwa juu ameshuka, kaka, hakuna aliyebaki mlimani. Sasa kaa, upumzike kwa amani.